Baruti Isiyo na Mkebe

2 Aprili 1996

Nimeligeuza daftari la Orrin juu chini, naandika kutoka nyuma. Mbele ni kwake. Kuna miaka kumi na tisa ya mwandiko wake mdogo: kila risasi aliyoijaza mwenyewe mezani, tarehe, baruti gani, kiasi gani, upepo ulikuwaje siku ilipopigwa. Nyuma kurasa zilibaki tupu, na mimi sipendi kitu kikae bure.

Mume wangu alifariki tarehe kumi na tisa Oktoba. Ulikuwa moyo. Alikutwa ndani ya gari lake kwenye barabara ya kaskazini, ambako hatuna malisho wala shughuli, na mpaka leo sijui alikuwa anakwenda wapi. Nimeshalia ya kutosha. Sasa kondoo mia mbili na arobaini wanakaribia kuzaa, na hawana habari kama nimefiwa.

3 Aprili

Theluji nyepesi asubuhi, tope mchana. Wa kwanza kazaa pacha, wote wazima. Ahsante Mungu.

5 Aprili

Pacha mmoja kaliwa. Nimekuta manyoya na mguu kwenye bonde dogo. Ni mbweha, wale wakubwa wa huku, na nyayo zinasema wako wawili.

Bunduki ya Orrin ni ile ndogo, ya risasi nyembamba kama penseli, nzuri kwa mbweha kwa sababu inapiga mbali na haimtishi kondoo sana. Nyumbani kwetu kazi ziligawanywa hivi: yeye alijaza, mimi nilipiga. Hakuweza kukaa kimya dakika kumi bila kukohoa. Zimebaki risasi zake tisa kwenye kijisanduku. Duka la mjini halina saizi yetu, wameagiza, wanasema labda mwisho wa Mei. Mwisho wa Mei nitakuwa nachunga manyoya matupu.

6 Aprili

Upepo. Wamezaliwa wengine sita.

9 Aprili

Nimepiga mara tano siku tatu hizi na sijapata kitu. Wanakaa mbali na wanajua. Binti yangu Joleen kapiga simu kutoka Billings, anataka niuze kondoo nihamie kwake. Nilimwambia chumba chake cha wageni kina zulia jeupe na mimi nina viatu. Alicheka, lakini najua ataliuliza tena Jumapili.

12 Aprili

Wanakondoo saba wameliwa sasa. Zimebaki risasi mbili.

Leo nimeingia chumba cha nyuma, kwenye meza yake ya kujazia, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mazishi. Siku ile niliipanga vizuri kwa sababu watu walikuwa wanakuja na mabakuli yao ya viazi, na sikutaka waone fujo. Mizani iko mahali pake. Maganda matupu yamesafishwa, yamesimama kwenye kibao chake. Na ile chupa ya kipimo, iliyofungwa pembeni ya meza, ambayo ukizungusha mkono wake inamimina kiasi kilekile kila mara, bado ina baruti nusu.

Nilisimama nikaiangalia muda mrefu. Ni baruti aliyoimimina yeye. Daftari lake linaishia tarehe kumi na saba Oktoba: risasi za bunduki yetu, baruti ya mkebe mwekundu, ile ile ya siku zote. Mkebe mwekundu uko rafuni, mtupu. Basi iliyobaki ni hii ya kwenye chupa. Nimeuona huo kama mkono wake unanisaidia kutoka huko aliko, na nimeshukuru kwa sauti, peke yangu, kama kichaa.

Ila sijawahi kujaza risasi. Mtu pekee wa karibu anayejua ni Lyle Brekke.

13 Aprili

Lazima nieleze habari za Lyle. Nyumba yake iko maili nne kaskazini. Hana mke, kila kitu chake kina kibandiko, hata makopo ya misumari: moja limeandikwa "iliyopinda", jingine "iliyonyooshwa". Alikuwa rafiki wa Orrin mpaka miaka tisa iliyopita. Lyle alipotimiza hamsini, Orrin alimjazia risasi hamsini za bastola yake, akampelekea uwanja wa shabaha mbele ya watu. Lyle alizirudisha palepale. "Sipigi risasi aliyojaza mtu mwingine," akasema. Ni kanuni ya wote wanaojaza risasi, hata Orrin aliifuata, lakini ipo namna ya kusema jambo. Hawakusalimiana tena. Kwenye mazishi Lyle alisimama nyuma kabisa na akaondoka bila kula.

Nimempigia simu. Nilikaribia kuikata mara mbili.

14 Aprili

Alikuja na glavu zake, akavua kofia, akakataa pai. Aliingia chumba cha nyuma akaikazia macho ile chupa.

"Hiyo ni nini?"

"Baruti ya mkebe mwekundu. Imeandikwa kwenye daftari."

"Kwenye daftari imeandikwa alichojaza tarehe kumi na saba. Mimi nauliza hiki kilichomo humu."

"Ndicho hicho. Mkebe wenyewe mtupu, angalia."

"Mama Joleen, mkebe mtupu haujaniambia kitu." Aliinama akaangalia kwenye kioo cha chupa. "Punje ndogo, za mviringo, za kijivu. Ninazo baruti nne nyumbani zinazofanana na hii, na mojawapo ukiiweka kwenye hiyo bunduki itakung'oa uso. Baruti isiyo na mkebe haina jina. Imwage."

"Unasema Orrin alikuwa mzembe."

"Nasema imwage."

"Basi nijazie wewe risasi ishirini, kwa baruti yako."

"Simjazii mtu."

"Najua. Nchi nzima inajua."

Akawa mwekundu mpaka masikioni. Akasema nikitaka kujifunza, nipeleke maganda yangu na mikono yangu kwake, atanionyesha. Nilimwambia nimepiga risasi za mtu mwingine miaka kumi na tisa na uso wangu bado uko mahali pake.

"Ulikuwa unalala naye kitanda kimoja," alisema. "Ulijua kama amelala vizuri kabla ya kukaa mezani."

Nilimsindikiza hadi mlangoni. Bahili wa kila kitu, hata wa pole.

17 Aprili

Mvua baridi. Watatu wamekufa kwa baridi, mmoja kwa mbweha. Nimebanika nyama nikasahau kuila.

20 Aprili

Nimesoma daftari la Orrin kuanzia mwanzo, kurasa zote. Nimeshika jinsi alivyofanya: kusafisha ganda, kubana chini yake fataki, kile kijikofia kinachowasha baruti, kupima baruti, kukaza kichwa juu. Si uchawi. Mimi naoka mkate bila kipimo na unaumuka. Leo nimejaza risasi kumi kwa ile baruti ya kwenye chupa, kiasi alichoandika yeye, nikapima kila moja kwenye mizani. Zinang'aa. Sijisikii vibaya hata kidogo.

21 Aprili

Naandika haraka, kwa hiyo mwandiko ni huu.

Alfajiri ilipofunguka nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya kilima cha malisho ya chini. Nilikuwa na risasi mbili za Orrin na kumi zangu. Walikuja wote wawili, dume mbele. Nilikosa kwa ya kwanza. Kwa ya pili dume alianguka papo hapo. Jike hakukimbia. Alisimama akamwangalia mwenzake, mita mia moja na hamsini, ubavu mzima mbele yangu. Niliingiza risasi yangu ya kwanza, nikakoki, nikaweka jicho kwenye darubini na kidole mahali pake.

Ndipo kondoo wetu mzee, yule mwenye kengele, mbeya wa kundi zima, akatembea polepole katikati akasimama kutazama. Nilingoja. Alinya. Nikaendelea kungoja. Alipoondoka, jike hayupo.

Nilimtukana matusi ambayo mchungaji wetu hajui kama nayajua.

Lyle alisikia milio miwili kutoka kwenye uzio wake, akaja na gari hadi mguu wa kilima, akapanda akihema. Aliangalia dume, akasema nimepiga vizuri. Kisha akaona risasi zilizobaki kwenye kitambaa changu. Aliokota moja, akaigeuza.

"Hii hajaikaza Orrin. Kichwa kimekaa upande."

"Nimeikaza mimi."

"Kwa baruti gani?"

Niliitazama bunduki. Alinyoosha mkono kwenye bunduki, taratibu kama anavyomsogelea farasi mgeni, akaifungua, akaitoa ile iliyokuwa ndani. Akaishika kiganjani.

"Ulitaka kuipiga hii?"

"Kondoo alinizuia."

Tulirudi nyumbani kwangu. Alitoa kwenye gari ile nyundo yao ya plastiki. Unaweka risasi ndani ya kichwa chake, unagonga gogo, na kichwa cha risasi kinachomoka na baruti inamwagika salama. Aligonga mara kumi. Kila alipogonga niliona kama anamgonga Orrin. Kisha akaifungua ile chupa ya kipimo bila kuniomba ruhusa, akaimwaga yote kwenye majani kando ya ngazi.

"Hicho ndicho kitu cha mwisho alichokigusa," nilimwambia. "Umekimwaga kama maji ya kuoshea vyombo."

"Najua."

"Hujui. Huna hata mtu wa kukufia."

Alivaa kofia akaenda. Nimekaa ngazini mpaka kahawa ikapoa. Ninamchukia, na naandika hapa ili nisijidanganye baadaye kwamba sikumchukia.

22 Aprili

Kumi na mmoja wamezaliwa. Jua.

25 Aprili

Jike karudi. Kaliwa mwanakondoo mmoja, yule mwenye doa jeusi niliyemnyonyesha kwa chupa. Sina risasi hata moja. Niliweka maganda matupu kwenye mkebe wa biskuti nikaendesha maili nne kaskazini nikiwa nimeuma meno.

Alifungua mlango kabla sijagonga. "Umeleta mikono?" akauliza.

"Miwili."

Kahawa yake ni nyepesi, unaona hadi chini ya kikombe, lakini alinipa kiti kizuri, akakaa yeye kwenye ndoo.

26 Aprili

Somo. Mkebe mwekundu kiwanda kimeacha kuutengeneza tangu mwaka juzi, kwa hiyo hata Orrin angelazimika kuchagua upya. Lyle aliniwekea kanuni kabla ya kitu chochote: mezani unakaa mkebe mmoja tu, ule unaoutumia, umesimama kando ya chupa ya kipimo ili kila anayeingia aone jina. Ukimaliza, baruti inarudi mkebeni na mkebe unarudi rafuni. Alinifanya niseme kama mtoto wa kipaimara.

Halafu akaeleza baruti. "Ganda letu dogo, kichwa chepesi. Ukilipa baruti ya polepole, kichwa kimeshatoka mtutuni na yenyewe bado inaungua. Inapoteza nguvu, inaacha uchafu. Ukilipa ya haraka, ile ya bastola, inawaka yote kabla kichwa hakijasogea. Hasira yote inarudi nyuma, na nyuma uko wewe. Tunatafuta ya katikati. Na hata za katikati kila bunduki ina yake inayoipenda."

"Kama watu na chumvi."

"Kama watu na watu," alisema, akainamia mizani haraka.

29 Aprili

Tumejaribu baruti ya kwanza. Tulianza na kiasi kidogo kabisa, tukapanda hatua kwa hatua. Mtutuni zimebaki punje ambazo hazikuungua, kama pilipili manga kwenye sahani. Lyle akaandika "polepole mno", akaibandika.

30 Aprili

Ya pili safi, ila matundu yametawanyika kwenye karatasi kama watu waliogombana kanisani. Upepo hakuna, kwa hiyo si upepo. Mvua mchana. Wamezaliwa wanakondoo wawili, wote majike.

2 Mei

Ya tatu. Risasi tano, na karatasini matundu matano yanafunikwa na sarafu moja. Lyle aliweka sarafu juu yake, akaitoa, akaiweka tena.

"Shemeji," akasema, "bunduki imejibu."

Miaka tisa hajaniita hivyo. Nilijaza ishirini kwa mkono wangu, naye akakaa akinitazama bila kugusa, na hilo nadhani lilimgharimu. Nikiwa njiani nimegundua kwamba yule niliyemwita bahili amenipa siku sita za msimu wake wa kupanda.

4 Mei

Jike nimempata, saa kumi na mbili asubuhi, kwa risasi moja niliyoijaza mwenyewe. Sikufurahi kama nilivyotegemea. Lakini wanakondoo wanarukaruka pale bondeni na hakuna anayewahesabu isipokuwa mimi. Ahsante kwa baruti ya tatu. Ahsante kwa kondoo mwenye kengele.

11 Mei

Hakuna kilichokufa wiki nzima. Joleen alipiga, hakutaja zulia.

19 Mei

Mvua kubwa, nyasi zinapanda.

26 Mei

Gari langu limezama kwenye tope la mtoni na trekta imegoma, kwa hiyo leo nimelazimika kuwasha gari la Orrin. Limekaa bandani tangu walipolirudisha. Bado linanuka yeye, tumbaku na mafuta ya mashine. Kiti hakikusogea mbele. Kuna kitu kilikuwa kimekizuia chini, nikaingiza mkono nikavuta.

Kijisanduku cha risasi. Hamsini, za bastola. Juu yake kibandiko kilichojaa mwandiko wake mdogo mpaka pembeni: kichwa gani, fataki gani, baruti ya mkebe wa kijani, kiasi, tarehe 19 Oktoba. Chini kabisa: "Lyle. Kila kitu kimeandikwa. Zipime mwenyewe ukitaka. Ulikuwa sahihi na mimi nilikuwa na kiburi. O."

Nilikaa humo garini nusu saa. Barabara ya kaskazini ndiyo inayokwenda kwa Lyle.

Kisha nikakumbuka mkebe wa kijani. Niliingia ndani bila kuvua viatu. Uko rafuni, na nimeuweka mimi. Siku ya mazishi ulikuwa mezani, umesimama kando ya chupa ya kipimo, kama kanuni inavyotaka, na mimi nikaona fujo nikaupandisha rafuni kwa sababu watu wanakuja na viazi. Orrin hakuwa mzembe. Aliacha jina pale pale anapostahili kuliacha, akijua atarudi baada ya saa moja kuirudisha baruti na kuandika daftari. Mimi ndiye niliyeliondoa jina.

Basi ndani ya chupa ilikuwa baruti ya bastola, ile ya haraka. Nilijaza kumi. Moja ilikuwa mbele ya jicho langu, na kidole mahali pake.

Nimetoka nje nikakaa ngazini. Pale Lyle alipoimwaga majani yameota kijani kilichokolea, duara zima, marefu kuliko mengine, kama yaliyotiwa mbolea. Nililia, lakini si kwa huzuni, au si kwa huzuni peke yake. Sikujua mtu anaweza kudaiwa shukrani na watu wawili na kondoo mmoja kwa wakati mmoja.

27 Mei

Nimekwenda kwa Lyle na kijisanduku na pai. Safari hii pai aliipokea.

Nilimwambia yote kwa mfululizo, mkebe, rafu, na lile neno langu la siku ile kwamba hana mtu wa kumfia. Nilimwomba radhi. Alisema neno lile lilikuwa kweli wakati ule, na sasa si kweli sana. Kisha nikamkabidhi kijisanduku. Alisoma kibandiko akiwa amesimama. Akavaa miwani akasoma tena, na aliposoma tena alikaa kwenye ile ndoo.

"Siku ile uwanjani," alisema, "ningeweza kuzipokea nikaziweka ndani, nisizipige. Nani angejua? Nimefikiria hilo miaka tisa."

"Naye alifikiria."

"Alikuwa anakuja huku."

"Alikuwa anakuja huku, Lyle."

Alikwenda kwenye meza yake. Ile nyundo ya plastiki inaning'inia ukutani, ina kibandiko, bila shaka. Aliitoa msumarini, na mimi sikumzuia, kwa sababu kanuni ni kanuni na imeniokoa uso. Aliishika kidogo. Kisha akairudisha msumarini, akachukua bastola na kijisanduku, akatoka nje. Nikamfuata.

Alitia sita za Orrin kwenye bastola. Makopo yalikuwa kwenye uzio. Alipiga polepole, akishusha mkono kila baada ya risasi kama anayesikiliza jibu. Makopo matano yalianguka.

"Moja imekwenda kushoto," alisema, bila kunigeukia. "Risasi haina kosa. Ni macho yangu."

Aliokota maganda yote sita kwenye nyasi, akayaweka mfuko wa shati, akaufunga kifungo.

28 Mei

Leo nimeligeuza daftari upande wake. Chini ya tarehe kumi na saba nimeandika kwa mwandiko wangu mstari uliokosekana, kama alivyokuwa akiandika yeye:

19 Oktoba. Bastola. Baruti ya mkebe wa kijani. Hamsini, kwa Lyle. Zimepigwa sita. Upepo hakuna. Amezipokea.